Mteja Aliyechechemea

Mwalimu huyu hakuwahi kupokea shikamoo bila kujiuliza mwenye kuitoa anataka nini. Ukimpa kiti, alikitikisa kwanza ndipo akakikalia. Ukimmiminia chai, alingoja wewe upige funda la kwanza, akutazame, akuone hujaanguka, ndipo anyanyue kikombe chake. Chuoni alifundisha ujasiriamali, na wanafunzi wake wa mwaka wa tatu wa biashara walimbandika jina la Hebu Tuone, kwa kuwa ndilo neno alilomwambia kila mtu aliyemletea habari njema. Hata siku mumewe alipomweleza kwamba anataka kumwoa, maskini kijana wa watu ameloa jasho mpaka soksi, jibu alilopata lilikuwa hilohilo. Hebu tuone. Wakaona, wakaoana, wakazaa, na bado alikuwa anaendelea kuona.

Macho yake yalikuwa ya kumnasa kunguni akikonyeza ukutani. Alifunga mfuko wa taka kwa fundo la kwake peke yake. Alikaa mgongo ukutani popote alipoingia. Na kila asubuhi alipotoka nyumbani alifunga mlango, akaenda mpaka kwenye mti wa limau wa jirani, akasimama, akarudi, akautikisa mlango kama anayemwamsha mlevi, ndipo akaondoka kweli. Siku nyingine alirudi tena.

Tabia hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata ndani ya sanduku la dada yake.

Zamani, akiwa kijana mwenye shahada mbichi na kichwa kilichojaa vitabu, alifungua biashara ya kushona aproni. Zilikuwa aproni za haja, zina mifuko mbele na maua pembeni, na zilinunuliwa kama zinagawiwa bure. Shangazi alichukua. Mabinamu walichukua. Wifi alichukua, akarudi kutaka nyingine. Bibiye akaanza kutembea kifua mbele, mdomoni hakutoki ila habari za kupanua karakana. Kisha siku moja, katika kumtembelea dada yake, akatumwa chumbani alete shuka. Akafungua sanduku lisilo lenyewe. Mlikuwa na aproni. Za dada, za shangazi, za wifi, za ukoo mzima, zimekunjwa vizuri, hazijaonja hata tone la mchuzi. Walikuwa wamezikusanya hapo ili asije akazikuta zimezagaa majumbani mwao. Wapo wanaosema mfuniko ulipofunguka aproni moja iliruka yenyewe ikamfunga kiunoni, lakini hao ni watu wa chumvi nyingi.

"Dada, hizi ni nini?"

"Mdogo wangu, tulikuwa tunakupenda."

"Nauliza mlikuwa mnazihitaji?"

"Si nimeshakwambia? Tulikuwa tunakupenda."

Hakulia. Alirudi kwake, akafunika cherehani, na tangu hapo mtu akimwambia kitu chake ni kizuri, alimtazama kama anayemtafutia sanduku.

Ndiyo maana somo lake halikufanana na masomo mengine pale chuoni. Jumatatu ilikuwa nadharia, ndani ya ukumbi mkubwa ambamo nyuso za wanafunzi zilijaa kama maharage kwenye gunia. Alhamisi ilikuwa vitendo. Kila kundi lilitoka kwenda mitaani kutafuta mtu mmoja mwenye shida, likaitazama shida hiyo kwa muhula mzima, likatengeneza kitu cha kuiondoa, likarudi mbele ya baraza kukionyesha. Na sheria zake alizipiga msumari. Ndugu hahesabiki kuwa mteja. Mteja haulizwi anataka nini, anatazamwa. Mteja asijue anatazamwa. Na mteja wa kundi ni siri ya kundi hilo mpaka siku ya baraza. Wenzao wasimjue, kwa sababu wataiba wazo, na mwalimu naye asimjue, kwa sababu hata nafsi yake mwenyewe hakuiamini kwamba haitapendelea.

"Mwalimu, nimeuliza watu kumi," mwanafunzi mmoja aliwahi kujitapa. "Wote wamesema bidhaa yetu wataipenda."

"Walikuwa wanafanya nini ulipowauliza?"

"Walikuwa wanakula."

"Wanakula nini?"

Kijana akajikuna kisogo. "Pipi, Mwalimu."

"Wamepewa na nani?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mwalimu hakucheka. "Kaa chini, mwanangu. Mdomo wenye pipi yako hauwezi kukutukana. Nenda ukajibanze mahali, uwatazame wakiwa hawana habari na wewe. Mtu peke yake na shida yake hana wa kumdanganya."

Maneno hayo aliyasema kila mwaka, na kila mwaka yalimpendeza masikioni. Hakujua mwaka ule yangekuja kumkaba koo.

Mambo yalianzia kwa Mkuu wa Idara. Huyu alikuwa bwana mwembamba, mwenye suti inayong'aa magotini na sauti ya mtu anayesoma tangazo. Kwa Mwalimu, alikuwa na kasoro moja kubwa iliyozidi nyingine zote: jioni alifunga ofisi yake, akashuka ngazi, kisha, mtu akidhani keshakwenda zake, akapanda tena polepole na kupita mlangoni kwa Mwalimu. Kila siku. Mwalimu alizisikia zile nyayo, akaacha hata kugeuza karatasi.

"Ananisikiliza," alijiambia. "Anajifanya ameondoka, kumbe anarudi kunisikiliza."

Siku hiyo Mkuu wa Idara alimwita ofisini.

"Mwalimu, kamati ya mitaala itakaa mwisho wa muhula huu. Napendekeza somo lako libaki nadharia tupu. Vitendo viondoke."

"Viondoke viende wapi?"

"Wazazi wananipigia simu. Watoto wao wanaonekana wamejificha nyuma ya mapipa, wanachungulia wauza viatu. Hiki ni chuo, si kituo cha upelelezi. Kamati itakuja kwenye baraza lako ione kwa macho yake. Ikiona la maana, vitabaki. Ikikuta kasoro..." Akafungua viganja, kama mtu anayeachia ndege.

Mwalimu alitoka pale. Bila Alhamisi zake angekuwa nani? Angekuwa kasuku wa kitabu, kama alivyokuwa kabla ya sanduku. Angewatoa vijana wengine wenye shahada mbichi wakauzie mashangazi. Vitendo vilikuwa ndiyo sababu yake ya kuamka. Na sasa vilikuwa vinaning'inia mkononi mwa bwana wa nyayo za kurudi.

"Kasoro," alirudia njiani. "Kumbe anatafuta kasoro."

Mtu akishaambiwa anatafutwa, hata kivuli chake huanza kumtisha. Juma lilelile aliukuta mfuko wake wa taka nje ya geti, umefungwa vizuri, lakini fundo si lake. Alichuchumaa akalitazama fundo lile kwa muda mrefu kuliko watu wanavyotazama maiti. Lilikuwa fundo la haraka, la mtu asiye na uzoefu wa kufunga taka za watu.

Kesho yake jirani, mama mwenye mti wa limau, akamwita kwa mkono.

"Shoga, umepata mgeni? Kuna kijana mpole amekuja kuniuliza unatoka saa ngapi."

"Kijana gani?"

"Mrefu! Akisimama hapa, limau anachuma bila kunyoosha mkono. Ana adabu huyo, kanisaidia na kapu."

"Ukamwambia?"

"Si nimekwambia kanisaidia kapu?"

Basi akaanza kuwaona. Hakuwaona nyuso; aliona pindo la gauni likipotea kwenye kona, kiatu chini ya gazeti, kichwa kimoja kirefu kikizama nyuma ya ukuta kama jua linalotua kwa haraka. Akigeuka, hakuna kitu. Akiendelea, kisogo chamwasha.

Nyumbani alimmwagia mumewe yote. Mume alikuwa fundi wa majokofu, mtu mpole aliyezoea kusikiliza vitu vinavyonguruma.

"Baba watoto, nimewekewa wapelelezi."

"Na nani?"

"Mkuu wa Idara. Wanachakura taka zangu."

"Watapata nini humo, maganda ya viazi?"

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha, mama watoto. Naona tu kama kuna mtu analipwa kuchambua maganda yetu, aje nimpe na ya kuku." Kisha akamwona mkewe hacheki, akaweka bisibisi chini. "Sikiliza. Friji ikipiga kelele, sikimbilii kuibomoa. Nakaa kwanza nasikia kelele inatoka wapi. Nenda kawaulize."

"Hawatasema kweli. Watu hawaulizwi, wanatazamwa."

"Haya. Basi tazamaneni mpaka mchoke."

Lakini kutazamana tu hakukumtosha. Wakitaka habari zake, aliamua, atawapa habari za uongo mpaka zimtokee puani huyo aliyewatuma. Akaanza kubeba miavuli miwili jua likiwaka. Akanunua vitunguu kila siku, kila siku, mpaka mumewe akauliza kama wanafungua ghala. Njia ya kazini akaizungusha hata akafika chuoni kutokea upande wa kantini, kapakaa vumbi kama mtu aliyekuja kwa kutambaa. Na alipoona hayo hayatoshi, akaanza kuchechemea.

Alichechemea mguu wa kulia. Alichechemea kwa ustadi, na uso akaukunja vilivyo. Mchuuzi mmoja wa barabarani alimwonea huruma hata akampa kiti. Alikitikisa kwanza. Ukumbini alifundisha ameketi, akitoka getini mguu ulimpata tena. "Haya, kaandikeni hilo," aliwaambia kimoyomoyo waliokuwa nyuma yake. "Mpelekeeni bwana wenu, aseme mwalimu mgonjwa."

Tatizo la ugonjwa wa kuigiza ni kwamba mwenyewe huusahau. Wikiendi ilipita, na Jumatatu, kwa kuwa alikuwa amebeba vitunguu mkono wa pili, akaondoka nyumbani anachechemea mguu wa kushoto. Hakujigundua. Alikwenda hivyo siku zote zilizofuata, akijisifu moyoni kwa ujanja.

Siku ya baraza ikafika. Ukumbi ulifurika. Mbele ilikaa kamati: Mkuu wa Idara na suti yake, wanakamati wenziwe, na katikati mwenyekiti, profesa mzee aliyesikiliza kila kitu amefumba macho, kiasi kwamba wageni walidhani keshalala na wenyeji walijua ndipo alipo macho zaidi. Mwalimu alikaa pembeni, mgongo ukutani.

Makundi yalipita. Wengine walikuja na kifuniko cha ndoo kisichomwaga maji njiani, wengine na kiti cha kukunja cha mama muuza mboga. Mwenyekiti alitikisa kichwa, macho yamefumba. Mkuu wa Idara alikuna kidevu. Mwalimu akaanza kupumua.

Mwisho likaja kundi la watatu. Mbele binti mdogo wa umbo, sauti ya kengele, wenzake walimwita Kiranja. Nyuma yake kijana mwenye miwani mizito. Na nyuma yao, akijikunja ili asigonge taa, kijana mrefu waliyemwita Mnara.

Mwalimu alimtazama Mnara. Akamtazama tena. Ukumbini siku zote alikaa safu ya mwisho, amejilaza kitini hata akaonekana kama wengine. Leo alikuwa amesimama. Limau angechuma bila kunyoosha mkono.

"Mteja wetu," Kiranja akaanza, "ni mama mtu mzima, mwenye kazi ya heshima. Jina lake hatutalitaja. Tulianza kwa kutazama taka zake. Ni mtu nadhifu, fundo lake hatukuweza kulirudia hata tulipojitahidi."

Mgongo wa Mwalimu ukaganda pale ukutani.

"Tukatazama asubuhi zake. Anafunga mlango. Anafika kwenye mti wa limau. Anasimama. Anarudi, anautikisa mlango. Siku nyingine anafika mbali zaidi, uso unabadilika, anarudi mbio, anachelewa, anaingia kazini anahema. Tukajua shida yake ndiyo hiyo. Anafunga mlango, lakini kichwani mwake haufungiki."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha wanaojijua.

"Ghafla akaanza kuchechemea," akadakia yule wa miwani. "Tulisikitika. Tukasema shida ya mlango ni ndogo, tuache, tumtengenezee mama wa watu kiatu. Tukapima nyayo zake mchangani. Kiatu cha kulia tukakimaliza." Akakiinua: kiatu kweli, kina soli nene ya mpira, kimeshonwa kwa upendo. "Jumatatu akaja anachechemea mguu wa kushoto."

Ukumbi ulilipuka. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Hata mwenyekiti alifumbua jicho moja.

"Mguu ulihama?" akauliza.

"Ulihama, Profesa. Hapo ndipo tukaelewa," Kiranja akasema, na sauti yake ikashuka. "Mteja wetu alikuwa anajua kuna watu nyuma yake. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa anaogopa. Na aliyemwogopesha ni sisi."

Kicheko kikakatika.

Mkuu wa Idara alisimama kama aliyekalia siafu. "Mheshimiwa mwenyekiti, umesikia! Wamemwandama mama wa watu, wamechakura taka zake, wamemtia hofu mpaka anachechemea! Mlimwomba ruhusa?"

"Hapana, Mkuu."

"Nani aliwaambia msiombe?"

Kiranja aliangalia vidole vya miguu yake. Mnara aliangalia dari, ambayo kwake haikuwa mbali. Sheria ilikuwa ya Mwalimu, ukumbi mzima uliijua, na hakuna kati yao aliyeisema.

"Huyo mama ni nani? Kama ana malalamiko, kamati inataka kuyasikia. Kama hapatikani, basi mimi namlalamikia kwa niaba yake, na vitendo hivi vinakwisha leo!"

Mwalimu alipiga hesabu pale ukutani. Akinyamaza, watoto watabeba lawama, na Alhamisi zinakufa. Akisimama, chuo kizima, kuanzia mfagiaji hadi bodi, kitajua yeye ndiye mama wa mguu unaohama. Alitazama mlango. Alitazama kile kiatu kilichoshonwa kwa upendo, kimoja, cha kulia. Tangu sanduku lile la aproni alikuwa akitafuta kitu kilichotengenezwa kwa mtu anayekihitaji, na hapa vijana waliacha wazo lao zima kwa kumwonea huruma, kisha wakagundua uongo wake kwa macho aliyowafundisha yeye.

Akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Vichwa vyote vikageukia ukutani.

"Mama mwenye mlango ni mimi. Vitunguu ni vyangu, miavuli ni yangu, miguu yote miwili ni yangu na ni mizima. Nilidhani natafutwa." Akamtupia jicho Mkuu wa Idara, akaliondoa. "Watoto hawa wamefanya nilivyowaambia. Kwamba mteja asijue, ni mimi niliyesema, na sikuwahi kujiuliza yule anayetazamwa analalaje usiku. Sasa nimejua. Ni vibaya. Sheria hiyo naifuta mbele yenu. Kuanzia leo, kabla hujamtazama mtu, piga hodi."

"Hilo halitoshi," Mkuu wa Idara akasema. "Kwanza mteja ni mwalimu wao. Atasifu chochote ili aokoe somo lake!"

"Nisifu?" Mwalimu akauliza, na ukumbi wote ukajua keshachokozwa. "Mkuu, mimi? Hebu tuone. Lete hicho kitu, binti."

Kiranja akamletea. Kilikuwa kidude cha plastiki cha ukubwa wa kidole gumba, unakivisha kichwa cha ufunguo. Kina kidirisha. Ukifunga mlango, unasukuma kwa dole, kidirisha kinakuwa kijani. Ukifungua, unarudisha, kinakuwa chekundu. Ukiwa njiani na roho ikikusumbua, unatazama ufunguo mkononi.

Mwalimu alikitikisa. Alikinusa. Alikiweka sikioni kuhakikisha hakimsikilizi. "Nitakitumia," akasema. "Sisemi kizuri, sisemi kibaya."

Mwenyekiti akafumbua macho yote mawili, jambo ambalo wazee wa chuo walisema mara ya mwisho lilitokea paa lilipoezuliwa. "Basi ni hivi. Baada ya juma moja mteja atakuja kwetu aseme kama alirudi mlangoni. Kitu kikiwa cha maana, vitendo vinabaki. Kikiwa cha mchezo, Mkuu apewe nadharia yake."

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alifunga mlango, akasukuma kidirisha, kijani. Akafika kwenye mti wa limau. Roho ikamnong'oneza. Akatazama ufunguo: kijani. Akapiga hatua. Akasimama. Akalitazama dole gumba lake. Na kama nimesukuma kidude bila kufunga mlango? Dole si langu? Dole haliwezi kukosea?

Akarudi. Akautikisa mlango.

Hodi ilipigwa getini. Walikuwa wale watatu. Safari hii walikuja na ruhusa.

"Mwalimu, shikamoo. Umerudi," Kiranja akasema, uso umemshuka.

"Marahaba. Nimerudi."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Unajua," Mnara akasema kutoka juu. "Ulipofika kwenye mti ulitazama dole gumba. Ufunguo uliutazama mara moja tu."

Mwalimu alimkazia macho kijana yule mpaka akajikunja sentimita kadhaa. Kisha akacheka, na mumewe aliyekuwa ndani alitoka na bisibisi mkononi kuangalia nini kimeharibika. "Dole langu siliamini," Mwalimu akasema. "Kidude kinaniambia nilichokifanya mimi. Mimi mwenyewe sijiamini. Nataka mlango useme, si mimi."

Vijana walitazamana. Hawakuaga vizuri, waliondoka mbio. Siku zile zote alirudi mlangoni, kila asubuhi, na kila asubuhi aliwaambia kweli, ingawa ulimi ulimwasha kusema uongo mmoja mdogo wa kuokoa Alhamisi zake. Siku ya kamati ilipokuwa inagonga mlango, wakamletea kingine. Hiki hakikuwa na cha kusukuma. Ufunguo ukizunguka ndani ya kitasa, ndipo kidirisha kinapogeuka, hakigeuki kwa kitu kingine chochote. Mwalimu alijaribu kukidanganya kwa jino, kwa kisu, kwa bisibisi ya mume. Kikakataa. Asubuhi ile akafunga, akafika kwenye mti wa limau, akatazama. Kijani. Akaendelea na safari. Jirani alikuwa akifagia, alishtuka hata akaangusha ufagio.

"Shoga, hurudi leo? Unaumwa?"

Mbele ya kamati alisema kama ilivyokuwa. "Cha kwanza kilinishinda. Nilirudi kila siku." Mkuu wa Idara akatabasamu. "Cha pili sikurudi. Wamekibadilisha kwa sababu waliniona nikirudi. Kwenye kitabu chako, Mkuu, hakuna ukurasa unaorudi mlangoni."

Mwenyekiti alikuwa amefumba macho. "Vitendo vinabaki," akasema. "Na hodi ipigwe."

Watu walipotawanyika, Mkuu wa Idara akamfuata Mwalimu kwenye korido. Akakohoa. Akatazama nyuma, akatazama mbele.

"Kile kidude," akasema kwa sauti ya chini. "Kinapatikana wapi? Si changu. Ni cha... mtu mmoja hivi. Jioni anafunga ofisi, anashuka ngazi, halafu hana raha mpaka apande tena."

Mwalimu alisimama palepale. Nyayo za kila jioni zilimpita akilini, moja baada ya nyingine, zikipanda kwa uchovu. Alikuwa hamsikilizi mtu, maskini. Alikuwa anatikisa kitasa chake.

"Huyo mtu mmoja hivi," Mwalimu akasema, "nitamtumia kundi. Lakini watamtazama kwanza. Watapiga hodi."

Wakapiga hodi, akakubali, akasaini na ruhusa. Na Jumatatu Mwalimu alisimama dirishani, mgongo ukutani kwa mazoea, akimtazama Mkuu wa Idara akitoka ofisini kwake. Kidude hajapewa bado, lakini alifunga mlango mara moja tu. Alishuka ngazi ameinua kidevu, akawasalimia wafagiaji kwa majina, akauvuka uwanja kwa hatua za bwana harusi, bila kugeuka hata nukta moja. Nyuma ya nguzo, Mnara alikuwa amejikunja, anaandika.

Mwalimu alikunja uso. "Huyu naye," akamwambia Kiranja aliyekuwa pembeni yake, "anatuchechemelea."